Uliza Kinapikwa Lini: Niliyoyaona Jikoni Puglia

Kwetu Malindi Kitaliano si lugha ya kushangaza. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa lao la San Marco kule Ngomeni mwaka 1967. Nyuma ya wanasayansi wakaja watalii, nyuma ya watalii wakaja wanunuzi wa viwanja, na watoto wa mjini wakaishika lugha yao kabla hata Kiingereza cha shule hakijawakaa. Mimi ni mmoja wa watoto hao. Kitaliano changu nilikipata ufuoni nikiuza vikoi, na ndicho kilichonipeleka Puglia, kusini-mashariki ya Italia, kumtunza bibi mmoja ambaye watoto wake walikuwa wageni wa kila mwaka Malindi.

Chakula cha Kitaliano nilichokuwa nakijua kilikuwa cha hotelini, na chakula cha hotelini hakina siku. Ukitaka lazanya Jumatatu utapata, ukitaka Ijumaa utapata, Agosti na Desemba ni mamoja. Nyumbani kwa Nonna, maana ndivyo nilivyomwita kama wajukuu wake walivyomwita, hakuna kitu kilichoingia sufuriani kwa sababu mtu ana hamu nacho. Kila kitu kilikuwa na siku yake, na siku hiyo isipofika, uombe usiombe, hukipati. Ndiyo maana watu wakinijia kutaka mapishi ya Kitaliano huwa nawarudisha nyuma kidogo. Kabla ya kuuliza kinapikwaje, uliza kinapikwa lini. Halafu uliza nani anakipika, na nani aliyekichuma shambani. Chumvi na mafuta tutafika tu.

Jikoni kando ya friji ilitundikwa kalenda ya Padre Pio, yule mtawa wa San Giovanni Rotondo ambaye picha yake Puglia utaikuta hadi kwenye kioo cha lori. Kila tarehe ilikuwa na jina la mtakatifu wake, na pembeni vijiduara vya mwezi, ukiandama na ukipevuka. Nonna hakuwa msomaji wa vitabu, lakini kalenda ile aliisoma kila asubuhi akingoja kahawa ipande kwenye moka. Tarehe 19 Machi ni San Giuseppe, kwa hiyo ni zeppole, maandazi ya mviringo yenye krimu juu na cheri nyeusi katikati. Mkesha wa Krismasi nyama haionekani mezani, ni samaki wa kila namna, pamoja na mkunga na chewa wa chumvi anayelowekwa siku kadhaa. Krismasi yenyewe ni cartellate: utepe mwembamba wa unga unaokunjwa mpaka unakuwa ua, unakaangwa, unazamishwa kwenye shira nyeusi ya tini. Pasaka ni mwanakondoo. Majira nayo yana amri zake. Majani ya cime di rapa, jamaa wa sukuma wiki mwenye uchungu kidogo, ni ya miezi ya baridi. Siku moja binti yake aliyaona supamaketi mwezi wa Julai, akayaleta. Nonna aliyageuza mara moja, akayapeleka kwa kuku wa jirani.

Na Ijumaa haina nyama. Ijumaa hiyo ndiyo iliyonirahisishia maisha. Nilipowaambia kwamba mimi ni Mwislamu, nguruwe sili, na mvinyo hata wa kupikia siutaki, binti alishikwa na wasiwasi, akaanza kunihesabia vitu vyote nitakavyovikosa. Nonna alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi kwake kila siku ni Ijumaa. Tatizo liko wapi? Sisi tumefunga Kwaresima miaka yote na tuko hai." Mambo yakaishia hapo. Mtu aliyelelewa na kalenda yenye makatazo, makatazo ya mwenzake hayamtishi. Waliokuwa wakinisumbua siku zote walikuwa vijana, wale wasioingia kanisani, ambao kwao kula kila kitu ndiyo ustaarabu.

Nyama yangu nilikuwa nikiinunua kwenye bucha la Wamorocco mjini Bari siku zangu za mapumziko. Kazi ile desturi yake ni kupumzika Alhamisi mchana na Jumapili. Jumapili lakini nilikuwa nikichelewa kutoka makusudi, maana ndiyo siku ya ragù. Sufuria inatiwa jikoni asubuhi mapema, moto mdogo kabisa, na inaachwa ikitoa kiputo kimoja kimoja mpaka saa saba mchana. Ndani yake mna brasciole: vipande vya nyama vilivyopakwa kitunguu saumu na jibini, vikaviringishwa na kufungwa uzi. Mchuzi unakwenda kwenye tambi kwanza, nyama inafuata kwenye sahani ya pili. Nyama yenyewe mara nyingi ilikuwa ya farasi, maana Puglia farasi huliwa bila kuona haya. Wanazuoni wana maneno yao juu ya farasi. Mimi nilisema tu kwamba tumbo langu halijafika huko. Pembeni ya sufuria kubwa kulikuwa na kisufuria changu, bila mvinyo, na Nonna ndiye aliyekuwa akikikoroga, kwa mwiko wake mbali. Mwiko ule hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Ramadhani ilipoingia mwezi wa Mei, jua la Puglia lilikuwa likizama saa mbili usiku na dakika zake. Sikumwomba Nonna chochote. Alimwuliza mjukuu wake saa za magharibi, akaziandika kwa penseli kwenye kalenda ya Padre Pio, tarehe kwa tarehe, chini ya majina ya watakatifu. Futari aliyonitengenezea mara nyingi ni chakula cha maskini wa huko na mpaka leo ndicho ninachokitamani kuliko vyote: maharage ya fava makavu, yaliyomenywa, yanachemshwa taratibu mpaka yanajivunja yenyewe, yanapigwa kwa mwiko yakawa uji mzito, halafu juu yake mafuta ya zeituni mabichi. Kando yanawekwa majani machungu ya cicoria yaliyochemshwa, na mkate. Uchungu ule juu ya utamu wa fava, mtu amefunga saa kumi na sita, sina la kusema.

Sasa mikono. Orecchiette, tambi zile za Puglia zenye umbo la sikio dogo, hutengenezwa kwa semolina ya ngano ngumu na maji ya vuguvugu. Yai halimo. Kaskazini ya Italia wanatia mayai, lakini kusini yai lilikuwa la kuuza sokoni. Nonna hakupima. Alichota fumba moja moja, akihesabu majina ya watakaokula: hili la fulani, hili la fulani, na mwisho fumba moja zaidi "la atakayebisha hodi". Alikanda mpaka donge likawa laini halafu akalifunika kwa bakuli, lipumzike. Baadaye akaviringisha kamba nyembamba juu ya ubao, akakata vipande vidogo kama ncha ya kidole, na hapo ndipo kazi ilipo. Kisu cha mezani, kisicho makali, kinawekwa juu ya kipande, kinavutwa kuelekea kwako huku ukikandamiza. Kipande kinajikunja juu ya ubapa. Kabla hakijatulia unakivika kwenye kidole gumba na kukipindua, ndani inakuwa nje, na ule mgongo uliokwaruzwa na ubao ndio utakaoshika mchuzi. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, na bado alitoa tano wakati mimi natoa moja. Mjini Bari, kwenye uchochoro wa Arco Basso, akina mama hufanya kazi hiyo hiyo milangoni mwao na watalii wanawapiga picha. Nonna alipoona hayo kwenye televisheni alisema kitu kimoja tu, kwamba yule wa kushoto ana haraka.

Orecchiette na cime di rapa huchemshwa sufuria moja, kisha hutiwa mafuta yenye kitunguu saumu na dagaa wa chumvi waliokwisha kuyeyuka. Juu hunyunyizwa chembe za mkate mkavu zilizokaangwa. Hizo ndizo zilizokuwa jibini ya wasio na jibini. Leo mikahawa ya Milano inazitoza bei ya ajabu, lakini hayo si ya kunikosesha usingizi.

Mkate ni habari nyingine. Tulikuwa si mbali na Altamura, mji ambao mkate wake wa semolina ulipata mwaka 2003 hadhi ya DOP, alama ya Ulaya inayolinda jina la chakula cha mahali fulani. Maganda yake ni mazito na magumu, kwa sababu ulikuwa mkate wa wachungaji na vibarua waliotoka nyumbani kwa siku nyingi. Ndani ni wa manjano, na wiki nzima unalika. Zamani kila nyumba ilikanda donge lake na kulipeleka kwenye tanuri la mtaa, na ili mikate isichanganyike ilipigwa mhuri wa mti wenye herufi za ukoo. Mihuri hiyo niliiona Matera, mji jirani, ambao familia zake zilihamishwa kutoka mapango ya Sassi miaka ya 1950 kwa amri ya serikali. Mingine imechongwa jogoo, mingine mtu amevaa kofia. Mchonga mhuri mara nyingi alikuwa mchungaji. Nilisimama mbele ya kabati lile muda mrefu nikifikiri kwamba nyumba iliyokuwa na chumba kimoja, watu na nyumbu humo humo, ilikuwa na alama yake juu ya mkate.

Kwa Nonna mkate haupinduliwi mezani, ukianguka unaokotwa na kubusiwa, na haukutupwa hata mara moja. Uliokauka hulowekwa maji na kuchanganywa na nyanya, kitunguu, tango, oregano na mafuta, ikawa cialledda, chakula cha mchana wa joto. Watu wa Altamura wanapenda kusimulia kwamba McDonald's ilifungua tawi mjini kwao mwaka 2001 na mwaka uliofuata ikafunga, kwa sababu jirani yake alikuwa mwoka focaccia, mkate bapa wenye mafuta. Wanaisimulia kwa furaha kupita kiasi, lakini focaccia yenyewe nimeila, yenye nyanya na zeituni, na nawaelewa.

Nimefika Agosti, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Siku ya nyanya huchaguliwa mapema, kabla au baada ya Ferragosto, sikukuu ya tarehe 15, na ukoo mzima hurudi. Aliyeko Torino anarudi, aliyeko Ujerumani anarudi, na atakayetoa udhuru atasemwa mpaka Krismasi. Nyanya zilifika alfajiri kwenye makreti, zile ndefu nyembamba zenye nyama nyingi na maji machache. Chupa zilikwisha oshwa tangu juzi yake. Zilikuwa chupa za bia, zilizokusanywa mwaka mzima, na aliyeziosha ni mimi. Nilikuwa nikicheka peke yangu kwenye beseni, mtoto wa madrasa na chupa za bia mpaka viwiko.

Watoto huosha nyanya. Wanawake wakubwa hukaa mduara, hupasua, hukamua mbegu, hutupa zilizooza. Katika mduara ule ndimo nilimosikia habari zote za ukoo: nani alinyimwa shamba, nani aliolewa bila mama yake kutaka. Vijana wa kiume huzungusha mashine ya mkono, ya zamani, inayotenga ganda na rojo, na maganda hurudishwa ndani mara ya pili kwa sababu bado yana kitu. Rojo likimiminwa kwenye chupa, jani moja la mrehani linatangulia. Jani moja tu. Nonna alipita nyuma yetu akikagua. Kisha kizibo kinabanwa kwa mashine ya mkono, na chupa hupangwa kwenye pipa la chuma zikiwa zimelala, matambara ya shuka za zamani kati yake zisigongane. Pipa linajazwa maji, kuni zinawashwa chini. Maji yakishachemka vya kutosha moto unaachwa ufe, na hakuna anayegusa kitu mpaka kesho yake, kwa sababu chupa ya moto ikipigwa na upepo wa baridi inapasuka. Usiku ule mzee mmoja hulala karibu na pipa kwenye kiti. Kazi yake nini hasa sikujua. Ikipasuka hawezi kufanya lolote. Lakini lazima awepo.

Asubuhi chupa hugawiwa. Hakuna aliyeandika popote, ila kila mmoja alijua mgao wake, na hapo ugomvi wa mwaka ulianza.

Watu hudhani mambo haya yametoka kwa Warumi. Nyanya ilikuja Ulaya kutoka Amerika karne ya 16, pamoja na mahindi na pilipili. Msimamizi mmoja wa karamu za mabwana huko Napoli, Antonio Latini, aliandika mchuzi wa nyanya mwishoni mwa karne ya 17, na hakuuweka kwenye tambi. Tambi na nyanya kukutana ni habari za karne ya 19. Sisemi hivyo ili kuwavunjia heshima. Mila ya miaka mia mbili iliyofanywa kila Agosti bila kukosa ni mila tosha.

Nyanya zile zilitoka kaskazini ya Puglia, uwanda wa Foggia. Mwezi ule ule wa Agosti mwaka 2018 magari mawili yaliyobeba vibarua wa Kiafrika kutoka mashambani huko yaligongana na malori, siku mbili tofauti, tarehe 4 na tarehe 6. Watu 16 walikufa. Televisheni ilikuwa jikoni, na sisi tulikuwa tunahesabu vizibo. Magazeti yao yalikwisha kueleza mara nyingi jinsi mtu anavyolipwa euro 3 au 4 kwa kasha la kilo 300, na jinsi mnyapara, caporale, anavyokata nauli na maji ya kunywa humo humo. Sheria namba 199 ya mwaka 2016 ilitungwa kuwabana wanyapara hao. Vibanda vya mabati vya Borgo Mezzanone, wanamoishi vibarua hao, vilikuwa bado vimesimama.

Mezani palikuwa kimya. Mkwe mmoja akaanza kusema kwamba hao watu wangebaki kwao, kisha akanitazama, akaacha. Nonna alizima televisheni. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba yeye akiwa msichana alisimama uwanjani kabla ya jua kuchomoza, mnyapara akapita akiwashika mikono wasichana kuona kama ina nguvu. Baba yake alikuwa mfuasi wa Giuseppe Di Vittorio, yule kibarua wa Cerignola aliyezaliwa mwaka 1892 na kuwa kiongozi mkuu wa wafanyakazi wa Italia. Mumewe alikwenda Ujerumani kama malaki ya watu wa kusini baada ya mkataba wa mwaka 1955 kati ya nchi hizo mbili, na sanduku lake lilikuwa na mkate na chupa za nyanya zilizofungwa kwa soksi. "Aliandika kwamba Wajerumani walisema ananuka kitunguu saumu," alisema. Mkwe akanyanyuka kwenda kuvuta sigara.

Baada ya siku hiyo, mtu akiniambia chakula cha Waitaliano ni mapenzi ya mama, huwa namwuliza ni mama gani, na ni nani aliyemjazia kreti.

Safari zangu nyingi zilikuwa za treni. Mjukuu alikuwa akisoma Bologna, nami nilitumwa kumpelekea chupa zake. Bologna ni mji mwingine kabisa: varanda zake ndefu, ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 2021, zinakuvusha mji mzima bila mvua kukugusa, na kwenye vichochoro vya Quadrilatero jibini na nyama zimeninginia mpaka zinakufunika. Watu wa huko wanapenda kuandikisha. Upana wa tagliatelle, tambi za utepe, zikishapikwa, milimita 8, uliandikishwa mwaka 1972 kwenye Chemba ya Biashara ya mji, na kielelezo chake kimetengenezwa kwa dhahabu. Ragù iliandikishwa mwaka 1982, na mwaka 2023 ikaandikishwa upya kwa marekebisho. Nilimsimulia Nonna habari ya utepe wa dhahabu. Aliuliza nani anaupika.

Tortellini za Bologna ndani mna nyama ya kiuno ya nguruwe, prosciutto na mortadella, pamoja na jibini ya parmigiano na kungumanga, kwa hiyo mimi nilikuwa mtazamaji. Ila mwaka 2019 nilikuta mji mzima unagombana kwa ajili ya watu kama mimi. Kwa sikukuu ya mtakatifu wao Petronio, tarehe 4 Oktoba, palipendekezwa ziwepo pia tortellini za kuku, ili wasiokula nguruwe nao wakaribie meza. Wanasiasa wakapiga kelele kwamba Italia inauzwa. Wazee wengine wakajibu kwamba bibi zao walitia kuku miaka yote, kwa sababu kuku ndiye waliyekuwa naye. Hayo ya kutia ulichonacho niliyaamini mara moja, kwa kuwa nilikwisha kuona jiko la Puglia linavyofanya kazi.

Sicilia ndiko nilikokula bila kuuliza maswali. Sokoni Ballarò, Palermo, wanauza panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kuwekwa ndani ya mkate wenye ufuta. Mtu wa Pwani akifumba macho atasema ni bhajia. Trapani, magharibi ya kisiwa, wanapika kuskusi kwa mchuzi wa samaki. Mwanamke anaviringisha semolina na matone ya maji kwa ncha za vidole kwenye bakuli pana la udongo, muda mrefu, kisha anaipika kwa mvuke, na pale chungu cha juu kinapokutana na cha chini anaziba kwa utepe wa unga ili mvuke usitoroke. Waislamu walitua Mazara mwaka 827, wakaitawala Palermo kwa zaidi ya karne mbili, na leo Mazara hiyo hiyo imejaa wavuvi Watunisia. Wenyeji wa Trapani hawakunisimulia historia hii kwa fahari wala kwa haya. Waliniambia tu kuskusi ni chakula chao. Huko pia tarehe ina nguvu. Tarehe 13 Desemba, siku ya Santa Lucia, Palermo hawali mkate wala tambi. Wanakula arancine, madonge ya wali yaliyokaangwa, na cuccìa, ngano nzima iliyochemshwa. Wanasema ni kumbukumbu ya njaa, ilipofika meli ya ngano bandarini na watu wakaichemsha vile vile, hawakuweza kungoja isagwe.

Machi 2020 nchi nzima ilifungwa. Katika wiki chache unga na hamira viliisha madukani, kwa sababu Waitaliano wote waliokuwa wakinunua mkate waligundua kwamba wana mikono. Nonna alikuwa na chachu yake kwenye bakuli la udongo, akiilisha unga na maji kama kawaida. Majirani ambao zamani walimcheka wakaanza kupiga simu. Nilikata madonge, nikayafunga kwenye mifuko, nikayaacha milangoni na kugonga. San Giuseppe ilipofika tulitengeneza zeppole za watu wawili. Alizipiga picha kwa simu yangu, akaamuru zitumwe kwa kila mtu kwenye kundi la familia ili wasije wakadanganya kwamba mwaka huu haikuwezekana.

Siku hizi niko Malindi, na simu inalia kila inapokaribia Desemba. Ni binti yake. Mikono ya Nonna imekataa kabisa, na ukimwuliza unga kiasi gani anasema wa kutosha. Binti alifanya kazi ofisini miaka yote, mjukuu aliandika kila kitu kwa gramu kwenye kompyuta, na katika nyumba ile mtu aliyesimama kwenye ubao pembeni ya mama yao ni mimi. Kwa hiyo kuna Mwitaliano anayempigia Mswahili kumwuliza cartellate za mama yake zilikuwaje, tena zile ambazo nilikunja na sikula, kwa kuwa unga wake hukandwa kwa mvinyo mweupe. Fungu langu Nonna alilikanda kwa maji ya machungwa. Mwaka jana zake zilitoka ngumu. Nilimwuliza kama mafuta ya zeituni aliyapasha moto kabla ya kuyatia. Hakupasha, gramu za kwenye kompyuta zilikuwa sawa, moto haukuandikwa.

Safari hii ameniambia kwamba Agosti ananunua mashine ya umeme ya nyanya, kazi itakwisha kabla ya saa sita. Nimemwambia mashine ni sawa, lakini chupa nani ataosha?